Nawapunja wakulima wa mwani, Jumapili naongoza kwaya

Shikamoo Mama,

Mimi ni msomaji wako wa Pemba. Kijiji nitakificha, ila ni upande wa kaskazini, pwani kabisa, kwenye mwani. Nina miaka 31, nimeoa, tuna mtoto mmoja na mwingine yuko njiani. Kwetu ni Masasi, nimezaliwa na kubatizwa Muanglikana, na marehemu baba alikuwa katekista. Nilivuka kuja huku kutafuta maisha.

Kazi niliyoipata ni ukarani wa mizani kwa wakala anayenunua mwani mkavu. Akina mama wakishavuna kwenye bamvua, maji yanapokupwa sana, huanika siku mbili tatu, kisha huleta magunia bandani kwetu. Mimi ndiye ninayepima, ninayeandika daftarini na ninayelipa.

Tatizo langu liko hapo kwenye mizani. Ni ile ya saa, ya kuning'iniza kwenye boriti. Siku ya kwanza bosi alinionyesha inavyotundikwa: uso wake unaelekea ukutani, karani anasimama kati ya mizani na ukuta, na mkulima anabaki upande wa pili akitazama mgongo wa mizani. Mshale ukisimama kwenye 41 na nusu, naandika 41. Hapo hapo natoa kilo mbili "za gunia". Gunia tupu niliwahi kulitundika jioni nikiwa peke yangu, na halikufika hata robo kilo. Mwani ukionekana una mchanga, kuna kilo nyingine ya mchanga, nayo naikata kwa kukisia. Msimu ukiisha bosi hunipa bahasha, anaiita chai ya mizani.

Kusema kweli nilizoea. Kilichokuja kunichoma ni bibi mmoja jirani yetu. Wenzake hubishana kidogo na hesabu zangu, lakini yeye huweka gunia lake chini, akaketi kizingitini na kusema, "Andika tu baba, wewe mtu wa dini." Mwezi uliopita alisema hivyo, mshale ulikuwa 40 na robo tatu, nikamwandikia 38. Akapokea hela zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniombea dua mimi na mke wangu na kiumbe kilichomo tumboni. Tangu siku ile usingizi umenipaa.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba bosi si mtu wa mbali. Ni mzee wa kanisa letu. Yeye ndiye aliyenidhamini, chumba tunachokaa ni cha uani kwake, bati za kanisa alitoa yeye, na Jumapili husoma masomo. Nilipomgusia jambo hili alicheka tu: "Kijana, wao nao wanatia mchanga. Biashara ni biashara, kanisani ni kanisani." Mkataba wa maandishi sina.

Na mimi ndiye mwalimu wa kwaya, Mama. Juzi tulikuwa kwenye mazoezi ya wimbo unaosifu uaminifu wa Mungu, nikashindwa kuuongoza. Nikasingizia kikohozi, nikamwachia mwenzangu.

Je, niache kazi? Mwenzangu wa kwaya, niliyemweleza kwa siri, anasema mimi ni karani tu, dhambi ni ya tajiri, na kwamba hata Naamani alisamehewa kuinama katika nyumba ya Rimoni. Nimewaza pia nianze kumwandikia yule bibi kilo za ziada kidogo kidogo mpaka deni lake liishe, bosi hatajua. Je, ni sawa? Halafu kuna Jumapili ninazozikosa kwa sababu ya kupima mwani, na kuna semina tuliyohimizwa tumshuhudie Kristo kwa majirani zetu. Majirani zangu wote ni Waislamu, na wote nimewapimia mwani. Nitafungua mdomo niseme nini? Kwaya nayo niiache?

Naomba usitaje jina langu.

Karani, Pemba

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Naamani, maana mwenzako amekutafutia mto laini wa kulalia, na mto wenyewe ameutoa kwenye Biblia. Kisa kiko 2 Wafalme 5. Jemadari yule wa Shamu, alipokwisha kutakaswa ukoma wake, alimwomba Elisha jambo moja. Bwana wake anapoingia kuabudu katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, huegemea mkono wake, naye hana budi kuinama pamoja naye. Aliomba Mungu amsamehe katika hilo. Elisha akamwambia aende kwa amani. Nakipenda sana kisa hiki, na nadhani kimewekwa kwa ajili ya watu wanaokula mkate wao katika nyumba za wengine, na huku visiwani Wakristo wengi ndivyo tulivyo. Lakini tazama alichokiomba. Aliomba mwili wake uiname kwa sababu mzee amemwegemea. Hakuomba ruhusa ya kumchukulia mtu kilicho chake. Naamani alipotoka katika nyumba ya Rimoni hakuna mjane aliyetoka nyuma yake amepungukiwa. Bandani kwenu anatoka mtu amepungukiwa, na kalamu iliyompunguza ilikuwa vidoleni mwako. Kwa hiyo mwambie mwenzako, kwa upole, kwamba Naamani hakusaidii.

Kama unataka Kitabu kinachokuhusu, fungua Amosi 8. Mle wamo wafanyabiashara wanaouliza mwezi mpya utaisha lini wapate kuuza nafaka, na sabato itaondoka lini wafungue ghala la ngano, waipunguze efa, yaani kipimo cha nafaka, waiongeze shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha, na kuwadanganya watu kwa mizani ya udanganyifu. Watu hawa hawakukosa ibada hata mara moja. Sikukuu waliziadhimisha zote, na sabato walitulia majumbani mwao kama ilivyoamriwa. Ila walipokuwa wametulia walikuwa wakihesabu saa. Na sura tatu kabla ya hapo Mungu amekwisha kuwaambia watu hao hao wamwondolee kelele za nyimbo zao. Kwa hiyo kile ulichokiita kikohozi mimi sikukiona kibaya. Koo lako liligoma mahali pa kugomea. Na kwa kuwa kwenu Pemba mwezi mpya ndio huleta bamvua, na bamvua ndilo huleta mwani, ningekuwa padri wenu ningeisoma sura hiyo kila msimu, tena ningempa mzee wa kanisa aisome yeye.

Sasa tuhesabu, kwa sababu dhambi ya mizani ni rahisi kuiona ndogo mtu asipoipigia hesabu. Nusu uliyoiacha, na kilo mbili za gunia lisilofika robo kilo, jumla ni kilo mbili na zaidi katika gunia la kilo arobaini. Ukiyakusanya magunia ya mwanamke mmoja, karibu kila magunia kumi na saba au kumi na nane, moja zima amemlimia tajiri bure. Na gunia moja la mwani mkavu unalijua kuliko mimi: vigingi vilivyopigwa majini, taitai, zile kamba ndogo za kushikia mwani, zilizofungwa moja moja, wiki sita za kungoja na kuombea mawimbi yasikate kamba, kisha kubeba mzigo mbichi unaovuja chumvi mgongoni mpaka juu ya pwani, kuanika, kugeuza, kukimbia kufunika mvua ikitishia. Hayo yote tajiri amepata kwa kugeuza uso wa mizani ukutani. Yakobo aliandika katika sura ya tano kwamba ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana. Wewe ulikisikia kilio hicho kikiwa kimevaa nguo ya dua, ndiyo maana usingizi umekupaa. Mshukuru Mungu kwa hilo.

Mzee wako ana hoja moja ya kweli, tusimnyime. Wapo wakulima wanaoleta mwani wenye mchanga, wapo wanaoleta wenye unyevu, na mwani uliowekwa ghalani huendelea kukauka, kwa hiyo kilo alizozinunua leo si zote atakazomkabidhi mnunuzi mkubwa. Hasara hiyo ipo. Lakini dawa yake ni ya mchana kweupe. Mwani wenye mchanga ukung'utwe mbele ya mwenyewe, kisha upimwe. Mbichi urudishwe ukaanikwe tena. Kama tajiri anaogopa kupungukiwa ghalani, apange bei yake akijua hilo, aitangaze kabla mtu hajashusha mzigo, na asiyeitaka apeleke kwa mwingine. Makato anayoyajua mkulima na kuyakubali ni biashara. Makato yanayofanyika nyuma ya mgongo wa mizani ni wizi, na Torati imeyakataza kwa jina, Walawi 19 na Kumbukumbu 25, mpaka mawe ya kupimia ya namna mbili ndani ya mfuko. Waliokatazwa walikuwa watu wa sokoni. Hiyo ya "kanisani ni kanisani" mzee ameitunga mwenyewe.

Ufanye nini? Siku ya kupima inayofuata, geuza mizani. Maana yangu ni hiyo hiyo unayoisikia: itundike uso ukielekea mlangoni, wewe simama pembeni, mkulima aone mshale. Chukua gunia tupu, litundike mbele yao, lisomwe kwa sauti, na uzito huo ndio utakaoutoa kwa kila mtu. Nusu na robo ziandikwe kama zilivyo. Usihutubie, usiseme umeokoka upya, usimsengenye tajiri wako kwa wakulima. Geuza tu.

Lakini kabla ya siku hiyo zungumza na bosi, tena peke yenu, ndivyo Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Si mbele ya mkewe wala baada ya ibada watu wakiwa wanatoka. Nenda jioni, umpe heshima yake yote ya umri na ya wema aliokufanyia, maana wema ule ni wa kweli na huna haja ya kuukana ili umkosoe. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mzee, umenipokea mimi na familia yangu, sitakusahau. Lakini kilo mbili za gunia siwezi kuziandika tena. Nitapima sawasawa, na mchanga nitaukung'uta mbele yao usipate hasara. Ukiona hainifai kazi, niambie nikukabidhi daftari." Usimwite mwizi. Sema "sitaandika", kwa sababu hicho ndicho kilichomo mkononi mwako. Kumwongoa yeye hakumo.

Anaweza kukushangaza. Nimeona wazee wengi wenye mazoea mabaya waliokuwa wakingoja kijana wa kuwaambia. Anaweza pia kukasirika, akakukumbusha chumba na bati za kanisa. Akigusa bati, nyamaza. Habari ya bati aulizwe padri na baraza la kanisa, wala si karani anayelala uani kwake. Wewe jibu la mizani tu. Asipokusikia, Bwana yule yule anasema uchukue mtu mmoja au wawili. Mchukue padri, usimchukue mwenzako wa kwaya.

Je, uache kazi? Si kesho. Sipendi ushauri wa kumtupa mtu nje na mke mjamzito halafu mshauri akalale kwake kwa amani. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, nyumba chafu kuliko banda lolote la mwani, na Biblia inamwita mcha Mungu sana. Alikaa mle mle na kuwaficha manabii mia katika mapango, hamsini hamsini, akiwalisha mkate na maji. Kukaa si dhambi, mradi huko ulipo unafanya lililo haki. Ukigeuza mizani na bosi akakuacha uendelee, kaa, tena kaa kwa moyo, kwa sababu wewe ukiondoka atakuja karani mwingine ataigeuza irudi ukutani. Bosi akikulazimisha uandike uongo, hapo ndipo unapoondoka, na uondoke siku hiyo hiyo. Kati ya hayo mawili usijitafutie njia ya tatu ya kupunja kidogo.

Na hiyo njia ya tatu ndiyo uliyoniuliza kuhusu bibi. Hapana, mwanangu. Ukimwandikia kilo ambazo hakuleta, umechukua hela ya tajiri bila yeye kujua ili ulipe deni ulilolifanya kwa maagizo yake. Utakuwa umepunja pande zote mbili za mizani, na daftari litakuwa la uongo kuliko lilivyo sasa. Najua tajiri ndiye aliyefaidi, na pengine unaona ni haki kumchukulia. Haki hiyo si ya karani kuitekeleza gizani.

Deni lako wewe ni lile lililoingia mfukoni mwako, ile chai ya mizani. Hilo unalo, na hilo linarudi. Torati katika Walawi 6 ilitaka aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo akajitwisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa tajiri na wewe una mtoto wa kulea. Anza na kamili na sehemu ya tano. Kaa na mkeo, kumbukeni bahasha mlizopokea, andikeni jumla, mrudishe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Kwa nani? Bibi unamjua, yeye wa kwanza. Nenda kwake, usitume mtoto. Mwambie umepima vibaya mwani wake na hiki ni chake. Atakuuliza, na utamjibu ukweli wa mkono wako, bila kumbebesha bosi maneno ambayo bosi mwenyewe hayupo kuyajibu. Huenda akakasirika, ana haki. Huenda dua aliyokuombea akaitaka irudi, nayo ni haki yake vile vile, ingawa kwa ninavyowajua bibi zetu wa Pemba nadhani utaambulia karipio na chai ya tangawizi. Wale wengine usioweza kuwakumbuka kwa majina na kilo, waulize viongozi wa kikundi chao kama wana mfuko wa pamoja, utie humo.

Wakati unawaza haya, kuna jambo la kwenu Masasi nataka ulijue, kama katekista baba yako hakuwahi kukusimulia. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka ule ule likaanza kujengwa kanisa la Mkunazini juu ya kiwanja cha soko. Miaka mitatu baadaye, 1876, Askofu Edward Steere alivuka bara na kundi la watu waliokombolewa utumwani, na hao ndio walioanzisha kijiji cha Wakristo Masasi. Kwa hiyo imani uliyoletewa na baba yako ilipita hapa kwetu, ikatoka kwa watu waliowahi kuandikwa katika daftari la mwenzao kama bidhaa. Na huko Pemba unakokaa, mwaka 1897, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, walikuja Marafiki, hao wanaoitwa Wakwekeri, wakawa na shamba Banani, wakafanya kazi pamoja na watu waliotoka utumwani kwa ujira. Watu wa madhehebu yao Uingereza walijulikana kwa kutaja bei moja dukani, mtoto akitumwa alipe sawa na tajiri. Sisemi Wakristo wote wa visiwani walikuwa malaika, na wamishonari walikuwa na yao. Ninachokwambia ni kwamba kanisa la huku kwa sehemu kubwa liliota kwenye swali la nani anachukua jasho la nani. Wewe, mtoto wa Masasi, umesimama na kalamu kwenye swali lile lile.

Sasa hilo la ushuhuda, ambalo naona semina imekutia hofu kuliko inavyostahili. Wanawake unaowapimia wamesoma chuoni, yaani madrasa, tangu wadogo. Wanaijua sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwatangazia ole wale wapunjao, wanaotaka kujazwa wanapopimiwa na kupunguza wanapowapimia watu. Maana yake, hata asiyeona uso wa mizani anajua jina la kitendo. Wanaobishana nawe wanajua zaidi ya unavyodhani. Wamenyamaza kwa sababu mnunuzi mwingine yuko mbali na hela ya skuli inatakiwa Jumatatu. Na wewe wanakuita mtu wa dini. Jina la Kristo limekuwa likitajwa bandani kwenu kila siku ya kupima, mwanangu, bila wewe kufungua mdomo. Hizo semina zije baadaye. Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole na hofu. Ngoja uulizwe. Ukigeuza mizani utaulizwa, na si lazima na bibi. Pengine atakuuliza kijana mwanagenzi anayebeba magunia. Ukialikwa futari nenda, kaa mkekani, kula ulichowekewa, usiifanye futari ya mtu kuwa semina. Mwezi wa Ramadhani usile njiani mchana, hiyo ni adabu ya kukaa na watu, haikupunguzii Ukristo wako hata chembe.

Jumapili za kupima zisikutese. Mwani uliokauka haungoji, mvua ikinyesha juu yake kazi ya mama yule imeharibika, na Bwana wetu alikwisha kusema habari ya mnyama aliyetumbukia shimoni siku ya sabato, kwamba mwenyewe humtoa. Amka mapema, wewe na mkeo mwende na Sala ya Asubuhi ya kitabu chenu cha sala, haihitaji padri, kisha uende bandani. Bali mwombe bosi mpime Jumamosi inapowezekana, na akina mama nao waulize, wengine watafurahi. Kwaya usiiache. Ila kwa majuma machache kaa mstarini uimbe na wenzako, mwenzio aongoze, mpaka umekwisha kuzungumza na mzee. Ukiulizwa sema una jambo unalitengeneza. Kikohozi usikirudie, tayari una uongo wa kutosha kwenye daftari.

La mwisho ni la nyumbani. Katika barua yako mkeo umemtaja mara kadhaa lakini hukuniambia kama anajua. Nahofia hajui. Mwambie leo, kabla ya bosi, kabla ya padri. Chumba ni cha bosi, na mambo yakichacha yeye na tumbo lake ndio watakaofunga mizigo, kwa hiyo si haki ashtukizwe. Ulizeni chumba kingine kijijini au mjini mkiwa bado mna mshahara, hata kama hamtakihitaji. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako hata kama hukupewa karatasi: Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa kuwa mambo ya kazi hayamo katika Muungano, na akikunyima nenda Kamisheni ya Kazi, usiende kumshtaki barazani kwa watu. Daftari lako la mizani usilichane wala kulificha. Likabidhi kama lilivyo, na nakala ya hesabu zako baki nayo. Halafu muulize mkeo yeye anaonaje, na umsikilize mpaka amalize.